Uzazi wa pili: tupeane uzoefu, wa kwako ulikuwaje?

Mama Chamazi

Habari za saa hizi wapendwa. Mdogo kalala, mkubwa yuko kwa bibi yake, nimeona niandike sasa hivi kabla hakijanuka.

Kifungua mimba wangu nilimpata kwa saa 19. Uchungu ulianza Ijumaa adhana ya magharibi ikilia, nikajifungua Jumamosi mchana. Kwa hiyo mimba hii nikawa na hesabu zangu kichwani: uchungu ukianza nafua, napika, naoga, nakula vizuri, jioni ndiyo naenda hospitali kwa raha zangu. Kila aliyeniambia wa pili huja haraka nilimwitikia ehee, basi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Niliamka alfajiri kiuno kinavuta, nikasema ni kiuno tu. Saa moja asubuhi mume keshaondoka kazini, nikaloweka nguo za mkubwa. Nilikuwa nafikicha kola ya shati lake la chekechea tumbo likabana mpaka nikashika ukingo wa beseni. Likaachia. Nikaendelea kufikicha. Likabana tena, kola ile ile sijaimaliza.

Mama mwenye nyumba alikuwa anafagia uwanja. Akaacha ufagio, akaniuliza yanapishana dakika ngapi. Sijui. Akavuta kigoda, akakaa na simu yake mkononi, akahesabu mara mbili tu: dakika nne. Akaniambia, "Mwanangu, wewe huna muda wa kuanika."

Akaita bajaji, akakimbilia ndani kunichukulia mfuko uliokuwa nyuma ya mlango. Chamazi hadi Rangi Tatu asubuhi mnaijua wenyewe foleni yake. Dereva kijana mdogo, kila nikilalamika anasema "Dada vumilia", halafu anazima muziki, halafu anajisahau anauwasha tena. Chupa ilipasuka kwenye tuta. Nilisikia tu maji ya moto yamenishuka mpaka kwenye ndala, yule kijana akatazama mbele kama askari wa gwaride.

Leba sikufika. Nesi alinipokea getini na machela, akafunua, akasema "Usisukume, hema tu," na mtoto akatoka korido. Saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Kilo 3.4. Tangu beseni mpaka hapo ni saa moja na kidogo.

Sasa nesi anadai kanga za mtoto. Mama mwenye nyumba kufungua mfuko, kumbe siyo wa kujifungulia, ni mfuko wa vitenge vya kupeleka kwa fundi! Sare ya harusi ya wifi yangu. Mwanangu kafungwa kitenge kipya ambacho hata pindo hakijatiwa, na wifi mpaka leo anasema tumemwanzia sherehe.

Wa kwanza nilikuwa nimeongezewa njia na kushonwa nyuzi saba, safari hii sikuchanika hata kidogo. Ila usiku ule nilipomnyonyesha, tumbo lilinikata nikadhani kuna mwingine amebaki ndani. Kwa wa kwanza sikusikia kitu kama hicho. Kuna mwenzangu aliyepata hii? Na nyie wa pili wenu walikujaje?

Mkunga wa Zamani

Hongera mama, na pole kwa tuta.

Hilo tumbo ni la kawaida kabisa. Mtoto akinyonya, mwili unatoa homoni inayokaza kizazi kirudi kwenye ukubwa wake. Mzazi wa kwanza misuli yake bado imeshikana, kizazi kinakaza taratibu na kubaki kimekaza. Uzazi wa pili na kuendelea misuli imelegea, kwa hiyo kinakaza, kinaachia, kinakaza tena, ndiyo maumivu unayoyasikia. Siku mbili tatu huwa yanapungua. Kojoa kila mara hata kama hujabanwa na mkojo, kibofu kikijaa kinakizuia kizazi kukaza. Kitu cha kukimbilia hospitali ni damu: pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, usisubiri kupambazuke.

Na hiyo kasi ina sababu. Mzazi wa kwanza mlango wa kizazi hulainika na kuwa mwembamba kwanza, ndipo unaanza kufunguka. Wa pili hayo mawili huenda pamoja. Hata kusukuma, kwa wa kwanza kunaweza kuchukua mpaka saa tatu nzima, wa pili wengi ni dakika chache. Nimezalisha kwenye daladala, nimezalisha kwenye benchi la kliniki, wote walikuwa wa pili au wa tatu na wote walinambia "lakini wa kwanza alichelewa".

Mama Kibosho

Yangu haina kicheko, lakini acha niiseme maana kuna mtu itamsaidia.

Mimi damu yangu ni kundi O hasi. Nilijua? Iliandikwa kwenye kadi ya kliniki tangu mimba ya kwanza, kwa kalamu ya buluu, "O Rh", halafu kakistari. Nilidhani ni mwandiko. Mtoto wa kwanza nikajifungulia zahanati, vizuri tu, siku ya pili niko nyumbani nakunywa mtori. Hakuna aliyeniambia chochote.

Miaka mitatu baadaye nina mimba ya pili, naenda hospitali nyingine, daktari anaiangalia kadi ya zamani, ananiuliza, "Ulichomwa sindano baada ya kujifungua?" Sindano gani? Akakaa kimya muda kidogo, akaniandikia vipimo.

Alinieleza hivi: damu yangu ni hasi, ya baba yao ni chanya, na mtoto wa kwanza alichukua chanya. Wakati wa kujifungua damu yake kidogo iliingia kwangu, mwili wangu ukaiona ni adui, ukatengeneza askari wa kupambana nayo. Yeye keshatoka, hakuguswa. Askari wakabaki wanamsubiri mdogo wake.

Kipimo kilionyesha askari wapo tayari, kwa hiyo sindano isingesaidia tena. Kuanzia hapo ni kliniki kila wiki mbili, kipimo juu ya kipimo. Alizaliwa wiki ya 36, akalia vizuri, nikashukuru. Kufika jioni macho yake yalikuwa na rangi ya kiini cha yai. Wakamvua nguo zote wakambakiza nepi, wakamfunga kitambaa machoni, wakamweka chini ya mataa ya buluu. Siku ya pili wakambadilisha damu. Nilikuwa nakamua maziwa kwenye kikombe, namwingizia mkono dirishani, na yeye anashika kidole changu huku haoni ni nani. Siku tisa.

Sasa ana miaka miwili na anatukimbiza nyumba nzima. Lakini kila nikikutana na mama mjamzito siulizi wiki ngapi. Nauliza damu yako ni kundi gani.

Mkunga wa Zamani

Mama Kibosho, asante sana kwa kuandika hili. Niongeze kidogo kwa wanaosoma: hiyo sindano inaitwa Anti-D. Mama mwenye damu hasi anachomwa karibu wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ni chanya. Mimba ikiharibika nayo ihesabuni, semeni kliniki. Kama baba naye ni hasi, hapo hakuna shida.

Binti wa Likoni

Mimi wa kwanza alitoka kwa operesheni, alikuwa ametanguliza makalio. Basi mimba ya pili kila mtu akawa daktari. Shangazi zangu wote: "Ukishapasuliwa mara moja ndiyo imekwisha, we ni wa kisu."

Daktari aliyenishughulikia alikuwa mama mtu mzima, hana haraka. Akauliza mambo mawili. Mchano wa ndani ulikuwaje? (Ndani, siyo kovu la nje. Ikabidi nirudi hospitali ya mwanzo kuomba karatasi, nilizungushwa siku mbili nzima.) Ulikuwa wa kukingama, chini kwenye kizazi, huo ndio wenye nafuu. Na mtoto wa kwanza ana umri gani? Miaka mitatu na ushei. Akasema, sababu ya mwanzo haipo tena, huyu ameshusha kichwa, tunaweza kujaribu, lakini hatari nakwambia: kovu linaweza kufunguka katikati ya uchungu, kama mmoja katika 200. Kwa hiyo nyumbani hapana, zahanati hapana. Ni pahala penye chumba cha upasuaji na damu ya akiba, tena ufike mapema.

Sasa mimi ni wa Likoni, hospitali iko ng'ambo, kisiwani Mombasa. Nikajiwazia niko kwenye feri na uchungu, magari yamejaa, watu wananitazama. Wiki ya 38 nikahamia kwa mamangu mdogo Majengo, nikakaa pale kama mgeni asiyejua ataondoka lini.

Uchungu ulinichukua saa tisa. Nilipoambiwa sukuma nililia, na haikuwa maumivu, nilikuwa siamini kama nimefikishwa hapo. Msichana, kilo 2.9.

Ila Mama Chamazi, hilo tumbo la kunyonyesha mimi hata sikulisikia, au labda nilikuwa na furaha nyingi.

Shosti wa Kariakoo

Nami nilijaribu kama Binti wa Likoni, nikakwama sentimita 6 mpaka mapigo ya mtoto yakaanza kushuka, nikapelekwa kisuni. Wote wazima. Msituhesabie sisi wa kisu kama walioshindwa, jamani, kuna wifi yangu mmoja hapa ana hiyo lugha.

Baba Wawili

Naruhusiwa kuchangia? Mimi nilikuwa nje.

Wa kwanza nilikaa kwenye benchi usiku kucha, nina chupa ya chai na ndugu sita. Wa pili nilikuwa peke yangu na mkubwa wetu mgongoni, ana miaka miwili na nusu, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kumwangalia. Hilo ndilo hatukulipanga. Begi tulipanga, usafiri tulipanga, mkubwa tukamsahau kabisa.

Tulipoingia wodini akamtazama mdogo wake muda mrefu. Alikuwa na nusu ya andazi mkononi. Akamsukumia mdomoni. Mama yake akapiga kelele, nesi akacheka, mtoto akaangua kilio, andazi likaanguka. Akaniuliza, "Baba, huyu atarudi kwao lini?"

Wiki ile ile akaanza tena kukojoa kitandani, na alikuwa ameacha miezi. Mama mkwe akasema tusimgombeze, kila mdogo akinyonya mkubwa naye apewe kazi: alete kanga, afunike miguu. Ilisaidia. Siyo siku ile ile, lakini ilisaidia.

Lingine, ndugu zangu wa kiume wa Tanzania: sheria inatupa siku 3 za likizo, nazo uzichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mama ana 84. Siku ya kwanza nilikuwa hospitali, ya pili sokoni na kufua, ya tatu nililala kwenye kiti nikiwa nimeshika kijiko cha uji.

Binti wa Likoni

Shemeji, njoo Kenya, huku baba ana wiki mbili. Wangu alizitumia kutazama mpira 😂

Mama Kijacho

Nimesoma zote, sijui nicheke au nilie. Niko wiki ya 37, wa pili. Wa kwanza nilichukua saa 22, na mpaka jioni hii hesabu zangu zilikuwa kama za Mama Chamazi. Naishi Kigamboni ndani ndani huko. Nianze kuhesabu saa ngapi?

Mama Chamazi

Usihesabu saa, mdogo wangu. Ukiona yanakuja kwa mpangilio na hayaachi ukitembea, ondoka. Chukua namba za bajaji wawili, wa kwanza asipopokea upo wa pili. Mkubwa ajue atalala kwa nani. Na mfuko uandike jina kwa kalamu nene, usije ukavalisha mtoto sare ya watu.

Mkunga wa Zamani

Na kama wa kwanza alichanika sana au ulitoka damu nyingi, waambie mapema ukifika, usingoje waulize.

Mama Kijacho

Asanteni. Mume kapewa namba tatu siyo mbili. Mkubwa anakwenda kwa jirani, tumeshaongea naye, amekubali kwa sharti la kwenda na mto wake.

Halafu nimeamka nikaitoa kadi kabatini, nikaisogeza kwenye taa. B, chanya. Nimeisoma mara tatu. Narudi kulala.