Naomba ushauri: gari linapiga stata haliwaki, fundi anataka kubadili kontroli boksi (kompyuta ya injini)

Wakuu, habari za kazi. Niko Tabora mjini. Gari ni la petroli, injini ya Toyota 1NZ-FE. Stata inazungusha vizuri na betri ina volti 12.6, lakini plagi zote nne hazitoi cheche, pampu ya mafuta kimya, na taa ya cheki injini haiwaki kabisa swichi ikiwa on. Kwa sababu ya taa hiyo tu, fundi ameshikia bango kontroli boksi.

Fyuzi nzima. Kwenye soketi ya boksi volti 12 zinafika, athi ziko sawa. Kinachonitia shaka ni waya wa volti 5 unaolisha sensa: unasoma 0.3 tu. Nimechomoa sensa ya throto, hakuna mabadiliko. Je, nichomoe na nyingine moja moja, kisha soketi yenyewe, nione kama shoti iko kwenye wiringi? Maana boksi jipya laweza kuungua vilevile. Ila nilipolifungua boksi la sasa, bodi ina kutu ya kijani pembeni. Masika haya maji yalipenya chini ya kapeti.

Na la mtumba kutoka Dar, namba inayoanza na 89661 ifanane yote? Gari lina imobilaiza (kinga ya wizi inayotambua ufunguo): ninunue boksi pamoja na ufunguo wake, au chipu ya kumbukumbu inahamishika?