Mzee kastaafu Texas, bili ya Medicare imekuja na faini ya asilimia 20. Tuanzie wapi?

Kijana_Houston, Julai 2025
Wakuu, naomba ushauri. Mzee ana miaka 67, ni raia wa Marekani. Alitimiza 65 Januari 2023 akaendelea na kazi yenye bima ya mwajiri hadi Mei 31 mwaka huu, kazi na bima vikakoma pamoja. Tuliomba Part B ya Medicare (sehemu ya madaktari ya bima hiyo ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi) mwezi Mei, imeanza Juni 1. Sasa barua inasema atalipa dola 222 kwa mwezi badala ya 185, na bili ya kwanza ni dola 666 za miezi mitatu. Pensheni ya Social Security hajaanza kuchukua. Bimkubwa ana miaka 66, green card ya miaka 3, hajawahi kuajiriwa hapa, alikuwa kwenye bima ya mzee. Yeye bado hatujamwombea chochote.

Karani_wa_Fomu
Pole mkuu. Faini hiyo ya kuchelewa kujiandikisha inaondoka, ila kwa karatasi, si kwa kupiga simu. Ni asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili tangu dirisha la kwanza la kujiandikisha lifungwe. La mzee lilifungwa mwisho wa Aprili 2023, ndiyo maana wamemhesabia miaka 2. Miezi ya bima ya kazini haihesabiwi, lakini lazima waonyeshwe kwamba bima ilikuwepo. Mliambatisha fomu CMS-L564, ile ya kuthibitisha bima ya kazini? Nahisi hapo ndipo palipokwama.

Sehemu A mnajaza ninyi, sehemu B anajaza na kusaini mwajiri. Ikirudi ikagueni palepale: tarehe ya kuanza na kukoma kazi, tarehe ya kuanza na kukoma bima, zote nne ziwepo. HR wengi hujaza za kazi tu, na fomu ya namna hiyo haithibitishi bima hata kidogo. Mwajiri akisuasua, chukueni W-2 (taarifa za mwaka za mshahara na kodi) za 2023 na 2024, tazameni kisanduku cha 12: kiasi chenye herufi DD ni gharama ya bima ya mwajiri. Ongezeni hati za mshahara zenye makato ya bima na kadi yenye tarehe ya kuanza.

Vyote viende pamoja na SSA-561, ombi la kupitia upya uamuzi, ndani ya siku 60 tangu barua iwafikie. Mkipeleka kwa mkono, ombeni muhuri wa kupokelewa kwenye nakala kivuli yenu.

Bili lipeni huku mkisubiri. Hiyo imeandikwa First Bill. Zikifuata Second Bill na Delinquent Bill, na hiyo ya mwisho ipite tarehe 25 bila kulipwa, Part B inakatwa. Kilichozidi kitarudishwa.

Mama_Bima
Bimkubwa msimwache nyuma. Mzee akiwa na krediti 40, yaani kama miaka 10 ya kazi iliyokatwa kodi, na ndoa ikiwa imetimiza mwaka, mama anapata Part A (ya kulazwa hospitali) bila ada kupitia rekodi ya mumewe. Sharti la kuishi nchini miaka 5 ni la wanaoinunua Part A, yeye halimzuii. Kwa Part B jazeni CMS-40B (fomu ya kujiandikisha) na L564 yake mwenyewe: jina la mama kama mwombaji, la mzee kama mfanyakazi. Cheti cha ndoa kiwe halisi, kivuli cha kawaida hawapokei.

Kijana_Houston
Asante sana. Mwajiri ametupa nafasi ya COBRA, yaani kubaki kwenye bima yake kwa kujilipia baada ya kazi kuisha, ya miezi 18. Mama akae huko kwanza?

Mama_Bima
Hapana, mwanangu! COBRA si bima ya mtu aliye kazini. Dirisha la mama la miezi 8 la kuomba Part B limeshaanza kuhesabiwa na litafungwa mwisho wa Januari 2026, awe na COBRA asiwe nayo. Likimpita, itabidi angoje dirisha la jumla la Januari 1 hadi Machi 31, na faini inaweza kumfuata maisha yote. Ombeni mwezi huu.

Mfamasia_Mstaafu
Mmesahau dawa, na hapo ndipo muda umebana zaidi. Dirisha la Part D (sehemu ya dawa ya Medicare) baada ya bima ya kazini ni miezi 2 tu, kwa hiyo mwisho wa mzee ni Julai 31. Akikaa siku 63 mfululizo bila bima ya dawa, kila mwezi kamili unaongeza asilimia 1 ya dola 36.78 (ada ya msingi ya kitaifa ya 2025) kwenye ada, na hiyo nayo haiishi. Bima ya zamani iwape barua ya kuthibitisha kwamba ya dawa ilikidhi kiwango cha Medicare.

Tena, kama kipato cha wawili hao sasa hakifiki dola 2,400 kwa mwezi na akiba haizidi dola 14,470 (viwango vya 2025), mzee aombe Medicare Savings Program katika ofisi ya Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) ya jimbo. Jimbo litalipa ada ya Part B, faini inafutika, na nafuu ya dawa iitwayo Extra Help inakuja yenyewe. Mama kwa miaka 3 ya green card huenda akasubiri hadi itimie 5, lakini hilo halimzuii mzee kuomba. Washauri wa HICAP, huduma ya ushauri wa Medicare, hapo Texas hukaa na nyaraka zenu bure; atakayewadai hela kwa kazi hiyo, msimpe namba ya Medicare.