Bendeji ya mwani kwa kidonda cha kisukari: je, naweza kutumia mwani wetu wa shambani?

Binti wa Pwani Mchangani
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mama yangu ana kisukari na kidonda unyayoni kinachotoa majimaji mengi, kiasi kwamba shashi tunayoifunga asubuhi huwa imelowa kabla ya adhuhuri, na tukiibandua huondoka na nyama changa. Muuguzi ametutajia bendeji ya aljineti, inayotokana na mwani. Kwa kuwa huku Unguja mwani tunaulima wenyewe, je, naweza kuukausha, kuusaga na kuunyunyiza kidondani?

Muuguzi wa Vidonda
Waalaykum salaam, na pole kwa kuuguza. Nakusihi usiunyunyize. Aina za spinosamu na kotonii tunazozilima Zanzibar kibiashara tangu mwaka 1989 ni mwani mwekundu, ambao hutoa karajinani, kitu kingine cha ute kisicho aljineti; aljineti hutolewa katika mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Hata kama ungekuwa ndio huo, unga uliosagwa nyumbani una mchanga na vijidudu, ilhali bendeji ya kiwandani imetakaswa.

Nyuzi za bendeji hiyo zina kalisiamu. Zikikutana na sodiamu iliyomo katika majimaji ya kidonda, kalisiamu hutoka na sodiamu huingia, nazo nyuzi hugeuka ute laini unaoshika majimaji na usiong'ang'ania nyama. Wakati wa kubadilisha, ute huo huoshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali. Usidhani ni usaha, ingawa rangi yake huwatisha wengi.

Mkemia
Naongezea kuhusu unyevu, kwa sababu wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kidonda kiachwe wazi kikauke. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba vidonda vidogo vilivyofunikwa na kubaki na unyevu viliota ngozi mpya haraka, takriban mara mbili, kuliko vilivyoachwa wazi. Msije mkaichanganya aljineti na kitosani, kitu kingine cha bendeji kitokacho baharini, ambayo hutengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa na ina kazi nyingine: chaji yake chanya huvuta seli nyekundu za damu, na ndiyo maana hutumika zaidi kuzuia damu.

Binti wa Pwani Mchangani
Ahsanteni sana. Basi tukiipata aljineti, kidonda kitapona?

Muuguzi wa Vidonda
Bendeji peke yake haitoshi, dada yangu. Kidonda cha unyayo huendelea kupondwa kila mama anapokikanyaga, kwa hiyo ombeni kiatu maalumu au plasta ngumu ya kuondoa uzito mahali hapo, sukari idhibitiwe, na daktari apime kama damu inafika vizuri mguuni. Majimaji yakipungua, aljineti iachwe, kwa maana kwenye kidonda kikavu hukauka na kunata kama shashi ile ile. Mkiona weusi, harufu mbaya, wekundu unaosambaa au homa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama haumwi, kwani kisukari huua hisia za miguu.