Celeste Ng au Buchi Emecheta: tuanze na riwaya ipi ya umama?

Yaya wa Ibanda: Wandugu, kikundi chetu cha akina mama hapa Bukavu kinatafuta riwaya ya kusoma pamoja, inayouliza mtoto ni wa nani. Tunasoma Kifaransa. Nimebaki na mbili. La Saison des feux ya Celeste Ng (2017) iko Marekani, Shaker Heights: akina Richardson na nyumba yao kubwa, watoto wanne, halafu Mia, mpiga picha anayehamahama na binti yake Pearl. Les enfants sont une bénédiction ya Buchi Emecheta (1979) iko Nigeria.

Msomaji Kadutu: Emecheta! Nnu Ego anatoka Ibuza kwenda Lagos kuolewa na Nnaife, dobi wa Wazungu. Anajinyima ili wana wasome, wana wanakwenda ng'ambo, yeye anakufa peke yake kando ya njia. Hapa kwetu mwanamke asiyezaa anasemwaje? Mnajua. Ndiyo maana kitabu hiki kinatuhusu.

Dada Goma: Umetutolea mwisho wote, ndugu yangu! Mimi nachagua Ng, kwa sababu ya Bebe Chow. Mhamiaji kutoka China, hana pesa wala msaada, anamwacha mtoto kwenye kituo cha zimamoto. Familia yenye uwezo inamchukua ili imfanye wake. Bebe anapopata nafuu anamdai, wanafika mahakamani. Mimi nalea mtoto wa mdogo wangu tangu akiwa mchanga. Nilianza nikiwa upande wa mlezi, nikahamia kwa Bebe, na hadi leo sijatulia.

Mwalimu Bagira: Dada, kwako mtoto anaishi na mama mkubwa wake, na ukoo wake anaujua. Wale walezi walimkuta mtoto wa Bebe akiitwa May Ling, wakamwita Mirabelle. Walimpa kila kitu ila alikotoka. Hapo Ng anauma kuliko Emecheta, ambaye kwake hakuna anayebisha watoto ni wa nani: wa baba. Mkitaka fupi, ipo Une si longue lettre ya Mariama Bâ: Ramatoulaye, watoto 12, mume ameoa rafiki wa binti yao.

Msomaji Kadutu: Wa baba, sawa, lakini wakiharibika wanakuwa wa mama. Emecheta ameliandika hilo wazi.

Yaya wa Ibanda: Aksanti. Tunaanza na Ng, kwa ajili ya Bebe. Wengi kikundini wanalea watoto wa ndugu zao. Emecheta atafuata. Dada Goma, ukishuka Bukavu karibu tusome pamoja.