Mrejesho: picha ya ukuta wa sebuleni, nimechukua ya Turner

Wakuu, narudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kati ya yule jamaa kwenye mchoro wa Mjerumani Caspar David Friedrich aliyesimama mwambani anaangalia bahari ya ukungu (ya 1818 hivi) na The Fighting Temeraire ya mchoraji Mwingereza Turner, 1839, ipi ikae juu ya sofa, nyumba ipo Mbezi. Wengi mlisema Turner, ndio nimechukua.

Ya Friedrich ni kali sana ila imesimama wima na sofa langu refu linataka picha ya kulala. Halafu hii ya Turner jua linazama chungwa tupu, meli kubwa ya vita imepauka kama mzimu inakokotwa na stima ndogo kwenda kuvunjwa, yaani ukijua hiyo meli ilipigana vita vya baharini vya Trafalgar 1805 unaishiwa maneno kabisa.

Nimeprinti kwenye kanvasi bila kioo maana dirisha liko mkabala, na fundi fremu nikamwambia aache upenyo nyuma hewa ipite, unyevu wa pwani mnaujua. Wife alitaka maua, sasa hivi yeye ndo anawaelezea wageni. Uliyenishauri taa ya njano badala ya nyeupe, ubarikiwe sana mkuu.

Ya Friedrich naiweka korido nikipata hela, ule ukuta mwembamba unaifaa.