Serikali itatulindaje na kamari wakati nayo ina mgawo wake humo?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitazificha.

Jumamosi iliyopita dada yangu alimtuma mwanawe wa miaka 12 dukani na noti ya 10,000, anunue unga, mafuta na dagaa. Saa nzima mtoto hajarudi. Nikatoka kumtafuta, nikamkuta kwenye kibaraza cha saluni ya kinyozi, hatua kama hamsini kutoka nyumbani, amesimama mbele ya dubwi, ile mashine ya kamari ya kutumbukiza sarafu. Mkononi alikuwa amebakiwa na sarafu tatu za 200. Wenzake wawili, mmoja bado yuko na kaptura ya shule, walikuwa wanamwelekeza abonyeze wapi. Noti alichenjiwa na kinyozi mwenyewe.

Nikaenda kwa mtendaji wa mtaa. Akaniambia mashine ina stika, imelipiwa, yeye hana mamlaka nayo. Nikarudi kwa kinyozi. Huyo hakunificha kitu: wenye mashine huja kila wiki kufungua kasha, wanahesabu, wanamwachia chake, na pango lake linatoka humo. Akaniomba nisimharibie riziki. Sheria inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza, hilo sote tunalijua, na alama ya 18 imebandikwa pale pale kwenye mashine. Mtoto wetu ameisoma. Nani wa kumzuia? Kinyozi anayelipiwa pango?

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma jinsi hii biashara inavyotozwa kodi, na ndipo hasira zilipozidi.

Hapa Tanzania, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha imeundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na iko chini ya Wizara ya Fedha. Tafakarini hapo kwanza. Jambo linalovunja ndoa, linalofilisi vijana na kuwatoa watoto darasani, msimamizi wake yuko kwenye wizara ambayo kazi yake ni kutafuta hela. Kuanzia Julai 2017 kodi yenyewe inakusanywa na TRA, Mamlaka ya Mapato. Na kodi hiyo, kwenye kubashiri michezo, inahesabiwa hivi: wanajumlisha dau zote zilizowekwa, wanatoa zawadi zilizolipwa, kinachobaki ndicho kinachotozwa. Kinachobaki hapo ni kile tulichopoteza sisi. Tukiliwa zaidi, hazina inapata zaidi. Tukiliwa kidogo, hazina inapungukiwa. Na yule mmoja akishinda, zawadi yake nayo inakatwa kodi kabla hajaishika.

Sasa niambieni, mtu mwenye mgawo wa namna hii atapata wapi moyo wa kupunguza watu wanaoliwa?

Mnisamehe nitaje ya nyumbani kwangu. Mdogo wangu ni bodaboda. Alikuwa na pikipiki ya mkataba, hesabu 10,000 kwa siku, na alikuwa amebakiza miezi minne iwe yake. Alianza na mikeka ya kawaida, yaani kubashiri mechi kadhaa kwa dau moja, wikiendi tu, dau la 500. Siku moja mkeka ukatiki, akapata 180,000, mtaa mzima ukajua. Ile ndiyo siku tuliyompoteza. Baada ya hapo akahamia kwenye kindege, mchezo wa kamari wa kwenye simu. Mkeka walau unasubiri mechi iishe, mtu analala, anaamka. Kindege kinapaa na kuanguka ndani ya sekunde chache, usiku na mchana, hakuna mapumziko. Alikuwa anacheza akisubiri abiria kijiweni, anacheza chooni, anacheza mkewe akiwa amelala. Hesabu ya bosi ikaanza kupelea. Akakopa kwenye mikopo ya mtandaoni, aliposhindwa kulipa wakatuma ujumbe kwa kila aliye kwenye simu yake, mpaka kwa baba mkwe wake. Pikipiki ikachukuliwa ikiwa imebaki miezi miwili. Shemeji yangu amerudi kwao na watoto.

Wakati yote haya yanaendelea, simu yake inapokea ujumbe: umepewa mizunguko ya bure, rudi uendelee. Saa saba za usiku. Nimeuona kwa macho yangu. Kampuni sitaitaja, maana najua si moja inayofanya hivyo.

Wapo watakaosema kijana alijitakia, hela ni zake. Basi twende kwenye hesabu, maana wengi wanaobeti hawajawahi kuonyeshwa. Chukua tukio lenye nafasi sawa pande zote mbili, kama kurusha shilingi. Malipo ya haki ni mara 2.00. Kampuni inakupa 1.85 kila upande. Wakija watu wawili, kila mmoja na 100, mmoja huku mwingine kule, zimeingia 200 na zitatoka 185. Hiyo 15 imebaki kwa kampuni, ashinde nani asishinde nani. Inaonekana ndogo. Sasa panga timu kumi za namna hiyo kwenye mkeka mmoja, kama tunavyofanya wengi ili tupate odi kubwa, yaani dau lizidishwe mara nyingi. Lile kato linajirudia mara kumi, moja juu ya jingine. Kwa wastani, katika kila 1,000 mnayoweka kwenye mikeka kama hiyo, zinazorudi kwenu wote ni kama 460. Nusu na zaidi imekwenda. Ndiyo maana wanawapa bonasi mkiongeza timu, na wakati mwingine mkeka ukichanwa na timu moja wanarudisha dau. Wanataka mkeka mrefu. Mkeka mrefu ndio shamba lao.

Na serikali inayajua haya, kwa sababu ina mahesabu yao mezani.

Msiniambie kamari ilikuwepo tangu zamani. Najua. Bahati Nasibu ya Taifa ilianza miaka ya 1970, na baba yangu alikuwa ananunua tiketi. Alikuwa anaenda nayo mpaka siku ya droo, basi, hadithi imeisha. Hakulala na mashine chini ya mto.

Tena tangu 2021 sehemu ya kodi ya kubashiri michezo inapelekwa kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Mimi ni shabiki wa mpira tangu utoto na nimeumia sana kuona hivi. Sasa ukilalamika unaambiwa unataka timu ya taifa ikose kambi. Simba na Yanga zote zimevaa majina ya kampuni za kubeti kifuani, mtoto anaijua kampuni kabla hajajua kusoma vizuri. Uingereza kwenyewe, tunakoiga mpira, klabu za Ligi Kuu zilikubaliana Aprili 2023 kuyaondoa majina hayo kifuani msimu wa 2025/26 ukiisha.

Majirani walijaribu kuibana kamari. Januari 2019 waziri wa Uganda, David Bahati, alitangaza agizo la Rais Museveni kwamba hakuna leseni mpya na za zamani zikiisha hazihuishwi. Leo kampuni zipo na leseni zinatoka. Kenya mwaka huo huo ilizifungia kampuni 27, SportPesa na Betin zikafunga virago, na Novemba ikaweka ushuru wa asilimia 20 kwenye kila dau. Mwaka 2020 ushuru ukafutwa na SportPesa ikarudi. Nimesoma hayo nikaelewa kwamba hazina ikishazoea hela hii, kuiacha ni kazi.

Mimi sidai kamari ipigwe marufuku yote kesho asubuhi, watu watacheza uchochoroni. Nadai serikali itoke kwenye mgawo. Bodi ihamishwe Wizara ya Fedha, ipelekwe kwa watu wa afya au ustawi wa jamii. Kodi ikusanywe, lakini iende kwenye tiba ya waathirika na familia zao, isiwe pengo la kuzibia bajeti. Madubwi yatolewe kwenye vibaraza vya makazi, yote, hata yenye stika. Ujumbe wa usiku upigwe marufuku. Na mtu akiomba kujifungia asiweze kucheza tena, afungiwe kwenye kampuni zote kwa namba yake ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, siku hiyo hiyo. Mdogo wangu alijifungia kampuni moja, jioni akafungua akaunti kwenye nyingine.

NYONGEZA: Kwa wanaosema nikae na mtoto wangu: tumekaa naye, amelia, na 10,000 dada yangu ameikopa. Juzi nimepita pale kibarazani saa nane mchana. Dubwi lipo, na kulikuwa na watoto watatu. Kama kuna mtu humu amewahi kufanikiwa kuliondoa mtaani kwake, naomba aandike alianzia ofisi gani na alipeleka karatasi gani. Jumatatu nakwenda wilayani.