Eti mguu wangu HAUMO kwenye takwimu!!!

Wakuu, nina hasira mpaka simu inatetemeka, mkiona herufi zimerukwa mnivumilie.

Jamaa mnamjua wote, mhandisi wa barabara. Yule yule wa kofia ngumu nyeupe isiyojua vumbi, anashuka garini, anapiga picha tuta, anarudi kwenye kiyoyozi. Leo kaja kijijini kutusomea tathmini ya usalama wa barabara yetu. Mtendaji yupo, wazee mbele, mimi na mkongojo wangu chini ya mwembe. Anasema tangu waweke matuta na vibao, ajali ni sifuri. SIFURI! Hata peponi watu wanateleza.

Nikanyoosha mkono. Nikamwambia mhandisi, mimi nimevunjikia hapo hapo kwenye tuta lenu. Usiku, kibao kilishang'olewa kikauzwa chuma chakavu, tuta halina hata tone la rangi, boda akaruka nalo akaja kutua kwangu. Akafungua kompyuta yake, akasogeza kidole taratiiibu, akautazama mguu, akatazama kioo, akatamka mbele ya umati, mbele ya mama mkwe wangu: "Mzee, huo mguu wako haumo kwenye takwimu."

Haumo! Sasa huu ninaouburuza ni wa nani?

Eti kwa sababu sina PF3, ile fomu ya polisi. Polisi wako ng'ambo ya mto, nivuke na mfupa unachungulia nje kumtafuta afande aandike? Yule boda ni mtoto wa jirani, wazee wakakaa, tukamalizana. Nusu ya kijiji tunachechemea na ajali za kumalizana.

Na siku ya kupima mwendo walisimama barabarani na tochi na vizibao vya kuwakawaka. Boda wote wakajua trafiki, wengine wakashuka wakasukuma pikipiki. Wakaandika mwendo umepungua! Kabla ya matuta hawakupima hata mkokoteni, wanalinganisha na nini? Ila hayo nayaacha. Kilichoniua ni mguu. Mama mkwe alicheka, wakuu. Alijiziba na kanga lakini mabega yalikuwa yanaruka.

Kokoto Nne: Tulihakiki watumishi hewa, sasa tuna mguu hewa 😂😂

Dada wa Makutano: Pole mkuu. Ila mkongojo je, umo kwenye takwimu?

Fundi Mchundo: Acheni utani. Ripoti ya WHO ya 2018 inaonyesha Tanzania iliandikisha vifo vya barabarani 3,256 kwa mwaka 2016, wao wakakadiria zaidi ya 16,000. Kama maiti hazionekani, mguu utaonekana wapi? Halafu mwaka wenye ajali nyingi kupita kawaida, unaofuata mara nyingi zinapungua hata ukipanda mchicha katikati ya barabara. Ndiyo maana hupimi mwaka mmoja ukashangilia.

Kokoto Nne: Mwalimu kaingia darasani, kaeni chini.

Mtu wa Mabondeni: Hii chai. Mfupa uchungulie nje halafu umalizane na boda? Alikulipa nini?

Mleta mada: Mbuzi wawili. Na mbuzi nao hawamo kwenye takwimu!

Dada wa Makutano: 😂😂😂 nimekaa paleee

Fundi Mchundo: Kuna mfumo wa iRAP, barabara inapewa nyota za usalama 1 mpaka 5, na mtembea kwa miguu ana nyota zake tofauti na mwenye gari. Huo hausubiri PF3, unaangalia barabara yenyewe.

Kokoto Nne: Nyota tano na chai ya asubuhi?

Suka Mstaafu: Nyie mna bahati mna tuta moja. Kwetu kila mwenye kuku aliyegongwa anachimba udongo anaweka la kwake. Springi zimeisha, mgongo umeisha.

Dada wa Makutano: Endesha 50 ya makazi uone kama tuta litakuuma. Mnakuja 90 mnalaumu udongo.

Suka Mstaafu: 50 yenyewe kibao kiko wapi? Afande na tochi yake ndiye yupo, kajificha kwenye migomba. Juzi kanitoza wakati nimesimama nanunua mahindi!

Mtu wa Mabondeni: Chai nyingine hii.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye mguu

Suka Mstaafu: Nina ushahidi wa risiti, usinichezee.

Kijana wa Stendi: Wakuu samahani kuingilia, tairi la nyuma la boda Kariakoo linaendaje siku hizi?

Mtu wa Mabondeni: La lami au la vumbi?

Kijana wa Stendi: La vumbi.

Mtu wa Mabondeni: Njoo inbox.